Kuchagua Biblia ya Kusoma Mwenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa tena na tena na watu wanaotafuta Biblia ya kusoma wao wenyewe, wakiwa peke yao, asubuhi au usiku. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe linahitaji nafasi. Mengine ni mafupi.

Nianze kuchagua tafsiri au kitabu chenyewe?

Anza na tafsiri. Jalada, zipu na rangi ndivyo vinavyokuvuta kwanza, lakini baada ya wiki moja hutaviona tena. Utakachokutana nacho kila siku ni maneno. Kwa hiyo kabla ya kununua, chukua tafsiri mbili au tatu na usome ukurasa mmoja kutoka kila moja, kwa sauti. Usichague Zaburi ya 23, maana huenda unaijua kwa moyo na utaielewa hata ikiwa imeandikwa kwa lugha usiyoizoea. Chagua mahali pagumu: Warumi sura ya 7, Ayubu sura ya 28 au Wagalatia sura ya 3. Ukimaliza, funga kitabu umsimulie mtu ulichosoma. Tafsiri inayokuwezesha kusimulia ndiyo ya kufikiria. Jaribio hili limewasaidia watu kuliko ushauri wowote niliowahi kuwapa.

Mbona tafsiri ni nyingi ilhali Neno ni moja?

Kwa sababu Biblia ilikuja kwetu kutoka lugha nyingine. Agano la Kale karibu lote liliandikwa kwa Kiebrania, pamoja na sehemu za Kiaramu: Danieli kuanzia katikati ya 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, vipande viwili vya Ezra, na mstari mmoja wa Yeremia (10:11). Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki. Kila mfasiri hukutana na misemo ambayo haina mwenzake katika lugha yake, na hapo lazima aamue.

Tazama 1 Petro 1:13. Watu wa zamani walivaa mavazi marefu, na mtu aliyetaka kufanya kazi au kukimbia aliyakusanya na kuyakaza kiunoni. Petro anachukua picha hiyo na kuipeleka kwenye akili. Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version imeitunza: "vifungeni viuno vya nia zenu." Habari Njema, tafsiri nyingine ya Kiswahili, imeiacha picha na kutupa maana, kwamba tuwe tayari. Ya kwanza inakuachia kazi ya kuuliza viuno vya nia ni nini. Ya pili inakujibu kabla hujauliza, ila picha imepotea. Wote wawili wamefanya kazi yao kwa uaminifu. Mimi nikiusoma mstari huo hukumbuka kibwebwe, maana Mswahili akisema mtu amejifunga kibwebwe, hakuna anayefikiri habari ya nguo tu.

Ndiyo maana wafasiri husema kuna njia mbili kuu, ya kufuata neno kwa neno na ya kufuata maana kwa maana. Hakuna tafsiri iliyosimama upande mmoja kabisa. Kila moja iko mahali fulani njiani.

Union Version, Habari Njema na Neno zinatofautianaje?

Union Version ni ya mwaka 1952. Inaitwa hivyo kwa sababu iliunganisha. Kabla yake kulikuwa na Biblia ya Kiunguja, iliyotokana na kazi aliyoianza Askofu Edward Steere, ikakamilika 1891, na nyingine ya Kimvita iliyotoka 1914. Mtu wa Unguja na mtu wa Mombasa walikuwa wakisoma Biblia mbili tofauti katika lugha ambayo kila mmoja aliiita Kiswahili. Karl Roehl naye alitoa yake mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Kiswahili kiliposanifiwa, ndipo ikaja hii moja ya wote. Watu wengi waliokariri mistari wameikariri kwa maneno yake, na mahubiri mengi bado yanasomwa kutoka humo.

Uzuri wake ni mwendo wake. "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Sentensi kama hiyo inakaa kichwani bila kuitafuta. Ugumu wake ni kwamba Kiswahili kimetembea tangu hapo. Msomaji wa leo hujikwaa kwenye maneno madogo kuliko makubwa. Akikuta "marago" atajua kwamba hajui, atauliza, ataambiwa ni kambi. Lakini akikuta "hata akamtoa Mwanawe pekee" katika Yohana 3:16, anaweza kupita akidhani "hata" hiyo ni ile ya "hata mimi", kumbe inamaanisha kiasi kwamba. Vilevile katika Mwanzo 1:1, "aliziumba mbingu na nchi", nchi si taifa lenye mipaka, ni dunia. Maneno ya namna hii ndiyo yanayodanganya, kwa kuwa yanafanana na tuliyoyazoea.

Biblia Habari Njema ilikamilika miaka ya 1990, ikiwa kazi ya wataalamu wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti kwa pamoja, na inapatikana ikiwa na vitabu vya deuterokanoni (vile vya ziada vya Biblia ya Kikatoliki) au bila. Inafuata maana. Sentensi zake ni fupi, na msomaji anayeanza hafungwi njiani. Habari za Wafalme na barua ndefu za Paulo zinasomeka humo kwa urahisi ambao huwashangaza watu waliokuwa wamekata tamaa. Ninachokikosa ndani yake ni ule uzito wa mashairi. Isaya na Ayubu wakati mwingine husikika kama wanaeleza jambo, ilhali walikuwa wanaimba au wanalia.

Neno: Bibilia Takatifu, inayotolewa na shirika la Biblica, iko kati ya hizo mbili. Kiswahili chake ni cha sasa, ila haiendi mbali na umbo la maandiko ya asili kwa kiasi ambacho Habari Njema inakwenda. Tahajia ya "Bibilia" humfanya mtu adhani ni kosa la uchapaji. Sivyo, ndilo jina lake.

Ukinibana niseme: kama hujawahi kuisoma Biblia yote hadi mwisho, anza na Habari Njema au Neno. Kama umeshaisoma, au umekua ukisikia Union Version na moyo wako uko humo, usiiache. Na ukiweza kuwa na mbili, ziwe Union Version na Habari Njema, kwa sababu ziko mbalimbali. Palipo na giza katika moja, nyingine huleta mwanga.

Basi ipi ni sahihi zaidi?

Swali hili huulizwa kana kwamba kuna tafsiri moja safi na nyingine zote zimechafuliwa. Tafsiri zilizofanywa na jopo la wataalamu, zikapitiwa na watu wa makanisa mbalimbali, zinakubaliana katika sehemu kubwa mno ya maandiko, na zinapotofautiana mara nyingi ni katika chaguo la neno. Cha kuhofia zaidi ni tafsiri ya mtu mmoja ambaye hakusahihishwa na yeyote, au ile isiyosema imetafsiriwa kutoka nini.

Fungua dibaji. Ni kurasa ambazo watu huziruka, na ndizo zinazojibu swali hili: maandiko ya asili yaliyotumika, waliofanya kazi, walivyoshughulikia jina la Mungu, mabano yanamaanisha nini. Nakala isiyo na dibaji wala mwaka wa toleo naiogopa kidogo.

Kwa nini yangu ina vitabu 66 na ya rafiki yangu 73?

Rafiki yako ana Biblia ya Kikatoliki. Agano Jipya ni lile lile kwenu wote, vitabu 27. Tofauti iko katika Agano la Kale: Waprotestanti wana 39, Wakatoliki 46. Vilivyozidi ni Tobiti, Yudithi, Hekima ya Solomoni, Yoshua bin Sira, Baruku, na Wamakabayo viwili, pamoja na nyongeza katika Esta na Danieli.

Asili yake ni ya zamani sana. Wayahudi waliozungumza Kigiriki walikuwa na tafsiri yao ya maandiko, Septuajinta, na vitabu hivyo vilisomwa humo. Wakristo wa kwanza wengi walisoma Kigiriki, wakavirithi. Wakati wa Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, Waprotestanti walirudi kwenye orodha ya Kiebrania. Luther aliviweka kando kati ya Agano la Kale na Jipya akisema vinafaa kusomwa ingawa havilingani na vingine. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ulivithibitisha mwaka 1546. Makanisa ya Kiorthodoksi yana vingine vichache juu ya hivyo, na Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia huhesabu 81, Henoko na Yubilei vikiwamo.

Kwa mnunuzi, jambo ni moja: tazama orodha ya vitabu mwanzoni kabla ya kulipa. Kama wewe ni Mkatoliki, tafuta yenye deuterokanoni na iliyotolewa kwa idhini ya Kanisa. Idhini huchapwa kwenye kurasa za mwanzo, na Biblia hizo huwa na maelezo chini ya ukurasa. Kama wewe ni Mprotestanti, kuwa na nakala yenye vitabu hivyo hakukudhuru. Wamakabayo wa kwanza, kwa mfano, wanaeleza miaka iliyopita kati ya manabii wa mwisho na Injili, na ukivisoma utaelewa kwa nini Yohana 10:22 inataja sikukuu ya kutabaruku.

Kuna usumbufu mwingine mdogo hapo. Hesabu ya Zaburi katika Septuajinta na Vulgata, tafsiri ya kale ya Kilatini, hupishana kwa moja na ile ya Kiebrania sehemu kubwa ya kitabu. Zaburi ya 23 kwa hesabu hiyo ni ya 22. Ukiona namba mbili, moja ndani ya mabano, ni hilo tu.

Nimenunua toleo jipya na mistari fulani haimo. Je, Biblia yangu imepunguzwa?

Swali hili huja na hofu, na mara nyingi hufika pamoja na ujumbe uliosambazwa wenye orodha ya mistari "iliyofutwa". Nalijibu kwa urefu kwa sababu nimeona watu wakiacha kusoma kwa ajili yake.

Kabla ya uchapaji, vitabu vilinakiliwa kwa mkono. Nakala za Kigiriki za Agano Jipya ni maelfu, na hazifanani kila herufi. Msomi Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, alitumia nakala chache alizozipata, nyingi zikiwa za karne za kati. Tafsiri nyingi za zamani za Ulaya zilitoka kwenye maandiko ya mkondo huo. Baadaye wataalamu walipata na kuzichunguza nakala za kale zaidi, zikiwamo kodeksi (vitabu vilivyoandikwa kwa mkono) mbili za karne ya 4, ya Sinai na ya Vatikano. Katika baadhi ya mahali nakala hizo ni fupi. Mathayo 17:21, kuhusu kusali na kufunga, haimo. Matendo 8:37, ungamo la yule towashi, haimo. Mwisho mrefu wa Marko, 16:9 hadi 20, haumo, wala habari ya mwanamke aliyekamatwa katika uzinzi, Yohana 7:53 hadi 8:11.

Wafasiri wa sasa wana njia tatu za kushughulikia jambo hili. Wengine huweka mstari ndani ya mabano, wengine huushusha kwenye tanbihi, wengine huacha namba bila maneno na kueleza chini. Hakuna aliyekuficha kitu. Tanbihi iko pale ili ujue. Na tazama Mathayo 17:21 kwa makini: mstari huo uko katika habari ya kijana aliyetolewa pepo, na habari hiyo imo pia katika Marko 9, na jibu la Yesu kuhusu kusali liko katika 9:29. Fundisho halikuondoka.

Kwa hiyo ukichagua nakala, chagua yenye tanbihi. Toleo lisilo na tanbihi hata moja ndilo linalokunyima habari.

BWANA kwa herufi kubwa, Mwenyezi-Mungu, Yehova: ni jina moja?

Ndiyo. Jina la Mungu la herufi nne za Kiebrania limo katika Agano la Kale zaidi ya mara 6,000. Wayahudi kwa heshima walisoma "Bwana" mahali pake, na tafsiri nyingi zimefuata desturi hiyo. Union Version inaandika BWANA kwa herufi kubwa ili ulitofautishe na bwana wa kawaida, na mahali pachache, kama Kutoka 6:3, inaandika YEHOVA. Habari Njema inaandika Mwenyezi-Mungu. Soma kwa sauti mistari kumi ya Zaburi katika kila moja na utajua sala yako inataka ipi.

Je, nahitaji Biblia ya mafunzo?

Si lazima iwe ya kwanza. Biblia ya mafunzo ina maelezo chini ya kila ukurasa, utangulizi wa kila kitabu, ramani na majedwali. Faida yake ni kubwa unapofika kwa manabii, ambako bila kujua ni mfalme gani aliyekuwa madarakani na ni jeshi gani lililokuwa mlangoni, maneno hayashiki. Habakuki bila Wakaldayo, yaani watu wa Babeli, ni kilio kisicho na sababu.

Lakini jicho la mwanadamu hupenda njia fupi. Ukiwa na maelezo chini, utayasoma kabla hujayatafakari maandiko yenyewe, na taratibu utaanza kukumbuka maelezo kana kwamba ndiyo Biblia. Maelezo hayo yaliandikwa na watu wenye msimamo wa kanisa fulani. Angalia ni wa kanisa gani, kisha uyasome kama unavyomsikiliza mwalimu unayemheshimu: kwa makini, ukijua anaweza kukosea. Vichwa vidogo vya habari katikati ya sura navyo viliwekwa na wachapishaji, havikuandikwa na Mathayo wala Luka.

Marejeo na itifaki ni vitu gani?

Marejeo ni zile alama ndogo zinazokupeleka kwenye mistari mingine inayohusiana na huu. Mimi nayathamini kuliko maelezo, kwa kuwa yanaiacha Biblia ijieleze. Itifaki ni orodha ya maneno kwa alfabeti mwishoni, ikikuonyesha neno liko mistari ipi. Ukikumbuka "taa ya miguu yangu" na hukumbuki ni wapi, tafuta "taa" na itakupeleka Zaburi 119:105. Hakikisha itifaki ni ya tafsiri hiyo hiyo; ya Union Version haitakusaidia ndani ya Habari Njema.

Jedwali la vipimo na fedha ni dogo lakini lina thamani. Katika Yohana 12 marhamu ya Mariamu inathaminiwa dinari mia tatu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama mfano wa Mathayo 20 unavyoonyesha. Ukiijua hesabu hiyo utaona kwamba alimimina karibu mshahara wa mwaka miguuni pa Yesu, na utaelewa kwa nini Yuda alipiga kelele.

Nichukue yenye maneno ya Yesu kwa rangi nyekundu?

Ni hiari yako. Desturi hiyo ilianzishwa na Louis Klopsch, mhariri wa jarida huko Marekani, aliyetoa Agano Jipya la namna hiyo mwaka 1899. Inasaidia kutafuta. Mambo mawili ya kujua: wino mwekundu huchosha macho kwenye mwanga hafifu, na Kigiriki cha zamani hakikuwa na alama za kunukuu, kwa hiyo mahali pengine wafasiri hawakubaliani Yesu alinyamaza wapi. Katika Yohana 3 baadhi huishia mstari wa 15 na wengine wa 21. Rangi ni uamuzi wa mhariri.

Herufi ziwe na ukubwa gani? Na jalada?

Hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa ndogo ya kutia mfukoni, nzuri, na herufi zake zilikuwa kama punje za ulezi. Nilifika kitabu cha Hesabu nikaacha, nikajilaumu kwa uvivu wa roho miezi mingi. Siku niliyoshika nakala yenye herufi kubwa ndipo nikagundua kwamba macho yangu ndiyo yaliyokuwa yamechoka.

Nakala ndogo huwa na herufi za pointi 6 au 7. Kwa kusoma sura tatu au nne kwa kikao kimoja, tafuta pointi 9 au zaidi, na 12 kuendelea kwa mtu mzima mwenye miwani. Usijaribu dukani chini ya taa kali. Isogeze mahali penye kivuli, usome kwa umbali unaoushika kitandani. Nafasi kati ya mistari ina uzito sawa na ukubwa wa herufi.

Karatasi za Biblia ni nyembamba mno, za gramu 30 au 40 hivi kwa mita ya mraba, wakati ile ya ofisini ni 80. Bila wembamba huo kitabu kisingebebeka. Inua ukurasa mmoja: ikiwa maandishi ya upande wa pili yanajitokeza hadi yanachanganyika na unayoyasoma, iache. Kama unapenda kupiga mstari, tumia penseli au kalamu ya wino mkavu, maana wino wa maji utapenya.

Kisha tazama mgongo. Biblia iliyoshonwa kwa uzi hudumu miaka. Iliyogundishwa kwa gundi peke yake hupasuka mgongo na kuanza kuachia karatasi, kwa kawaida Mwanzo na Ufunuo zikitangulia. Ifungue Mwanzo 1 na uiweke mezani. Iliyoshonwa vizuri hulala wazi bila kushikiliwa. Angalia juu ya mgongo utaona vifurushi vya karatasi vilivyokunjwa. Ngozi au plastiki juu yake ni suala la mfuko na mapenzi. Zipu hulinda kurasa zisikunjike, ila meno yake hukwaruza kingo.

Kabla ya kuondoka, pekua haraka. Kosa la kiwandani hutokea, kifurushi kizima kikakosekana au kikashonwa kichwa chini. Fuata namba za kurasa, hasa kati ya Malaki na Mathayo.

Aya au mstari kwa mstari?

Kwa kusoma, aya. Sura ziligawanywa na Stephen Langton mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya tunayoitumia ilitiwa namba na Robert Estienne mwaka 1551. Ni msaada wa kutafuta mahali. Wakati mwingine inakata pabaya: wimbo wa mtumishi anayeteseka unaanza Isaya 52:13, na watu huanza 53:1 wakikosa mlango wa kuingilia. Nakala inayopanga mashairi kwa mistari ya ushairi, Zaburi zionekane kama Zaburi, ina faida kubwa.

Simu inatosha?

Inatosha kwa mengi. Programu kama YouVersion ina tafsiri za Kiswahili, unaweza kulinganisha mbili kando kwa kando, kupakua baadhi ili usome bila intaneti, na kuongeza herufi kadiri unavyotaka. Kwa asiyeona vizuri au asiyejua kusoma, Biblia ya kusikiliza ni mlango uliofunguka, na maandiko haya kwa karne nyingi yalisikika kuliko yalivyosomwa.

Ila simu hiyo hiyo ndiyo yenye ujumbe, habari na picha. Ukiona unasoma mistari miwili kisha unajikuta kwingine, pata karatasi. Na kwenye karatasi mwili hukumbuka: "ule mstari uko ukurasa wa kushoto, chini." Mimi hutafuta kwa simu na kusoma kwa kitabu.

Nisome kwa Kiswahili, Kiingereza au lugha ya mama?

Soma kwa lugha unayoombea ukiwa na shida. Nyingine ziwe za kulinganisha.

Agano Jipya lenye Zaburi peke yake linafaa?

Linafaa safarini, hospitalini, na kwa anayeanza ambaye kurasa elfu zinamtisha. Lakini Agano Jipya hunukuu la Kale karibu kila hatua. Waebrania bila Walawi ni mazungumzo uliyoyakuta katikati.

Namnunulia mtu mwingine. Nizingatie nini?

Muulize anasali wapi, ili usimpe mwenye 73 nakala ya 66. Kwa mzee, herufi kubwa na kitabu kisicho kizito. Wakati mwingine Injili moja moja kwa vijitabu ni rahisi kushika. Kwa mtoto mdogo, hadithi za Biblia zenye picha ni mwanzo mzuri, ila akishajua kusoma vizuri mpe Biblia kamili ya lugha nyepesi, asikue akidhani Biblia ni Nuhu, Daudi na Goliathi tu. Kwa asiye Mkristo anayetaka kujua, mpe Habari Njema, mwonyeshe Injili ya Marko ilipo, umwache asome kwa nafasi yake.

Nimeshaipata. Nisome kwa mpangilio gani?

Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Sura tatu kila siku na tano Jumapili zinaimaliza kwa mwaka. Hesabu ni nzuri, lakini wengi hukwama Walawi mwezi wa pili. Kama ni mara yako ya kwanza, anza na Marko, sura 16 tu. Kisha Mwanzo na nusu ya kwanza ya Kutoka. Kisha Luka na Matendo, ambavyo ni vitabu viwili vya mwandishi mmoja. Zaburi moja kila siku pembeni. Mithali ina sura 31, kwa hiyo siku yoyote unayosahau umefika wapi, soma sura yenye namba ya tarehe.

Nakala yangu ya zamani imechakaa. Ninunue nyingine?

Kama kurasa zote zimo, ipeleke kwa fundi wa kujalidi vitabu kwanza. Jalada jipya na uzi mpya vinaweza kuipa miaka mingine mingi, na maandishi yako ya pembeni yatabaki. Kama haishoneki tena, nunua ya tafsiri ile ile, ikiwezekana ya mpangilio ule ule wa kurasa, na jioni moja moja hamisha alama zako kwa penseli. Utakuta mistari uliyoipigia mstari miaka kumi iliyopita na hukumbuki sababu. Isome tena kabla ya kuihamisha.